Fundi Risasi wa Iyunga

Fundi ninayemfagilia karakana pale Iyunga anatengeneza risasi za bunduki moja ya kuwindia, za aina aliyoibuni mwenyewe, kwa hiyo huzipati duka lolote. Baruti anaipima kwenye mizani ndogo huku amezuia pumzi, na kila jaribio anaongeza kidogo tu. Akishafyatua moja kule korongoni nyuma ya karakana, analiokota ganda la risasi, analigeuza juani kuona kama baruti imezidi, analipapasa kwa kidole gumba kama mama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Ukimsalimu katikati ya kupima, ataitikia akimaliza.

Juzi alirudi kutoka korongoni na Iqbal, mwindaji aliyeziagiza risasi hizo, ganda limekwama ndani ya bunduki. Iqbal akaninyooshea kidole. "Huyu mama na tambara lake kagusa mizani! Mfukuze, fundi, ataniua." Nikauweka ufagio chini. Kule Ubaruku mume wangu alinifukuza nyumbani kwa neno moja la wifi, godoro likanifuata barabarani. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hakuna aliyeuliza kitu. Fundi aliivuta mizani. Alichukua jiwe lake la mizani, ambalo uzito wake anaujua, akaliweka, akainama, akangoja mshale utulie. Akaliondoa, akaliweka tena. Mara tatu.

"Mizani ni nzima, bosi," akasema. "Ganda limekwama kwa sababu baruti niliipandisha haraka mimi."

Akaketi, akaanza kuzifungua risasi zote kumi na tisa zilizobaki, moja moja, apunguze baruti. Bila kuinua macho akaniambia, "Dada, hapa chini ya meza bado pana vumbi."