Siku Dafrosa Alipoogelea Kati ya Kuta

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi redio hapa Songea mjini, najiona nimekwisha kuijua dunia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalijaa redio kaseti na televisheni, na kila aliyetaka kuuza aliuza. Nchi nzima ilikuwa ruksa. Marufuku ilibaki nyumbani kwangu Ruhuwiko tu.

Nilikuwa nikiishi na mdogo wangu, Dafrosa. Wazazi wetu walifariki kule Liuli, ziwani, nami nikamchukua aje asome sekondari huku. Mtoto yule alijua kuogelea kabla hajajua kuhesabu. Mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Rehema, mama mmoja wa Kitanga, alimwona siku wanafunzi walipopelekwa matembezi Ziwa Nyasa. Dafrosa aliwaacha wavulana wote nyuma. Mwalimu akaandika barua Dar es Salaam. Jibu likaja kwamba Dafrosa aende kambini, akajaribiwe kwa ajili ya timu ya wanawake itakayoshindana nje ya nchi. Ilitakiwa saini ya mlezi tu.

Mlezi nilikuwa mimi. Nikashika kalamu, nikaandika juu ya barua hiyo kwa herufi kubwa: HARUHUSIWI, nikamrudishia mwalimu.

"Kwa nini, kaka?" Dafrosa aliniuliza.

"Hatuna binti wa kwenda kukaa uchi mbele ya mataifa."

Hakulia. Alichukua ndoo akaenda bombani, na kwa wiki mbili alinijibu "ndiyo, kaka" na "hapana, kaka" basi. Mimi nikafurahi, nikadhani ni adabu. Kijana anaweza kulala nyumba moja na huzuni ya mtu asiione.

Sasa, Jumamosi hiyo Mwalimu Rehema aliniita shuleni nikatazame deki ya video, eti haitoi picha. Shangazi yetu Kolumba, dada wa marehemu baba, alikuwa amekuja kututembelea, akasema atanisindikiza. Sikujiuliza bibi mzima anafuata nini kwenye deki mbovu. Nilipofika nikakuta waya umechomoka tu. Nikauchomeka. Mwalimu akanipa kanda, akasema, "Jaribu na hii, fundi."

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza. Kwenye kioo walitokea wanawake wanane wamesimama mstari mmoja ukingoni mwa bwawa la maji ya buluu, kofia za mpira kichwani, kila mmoja na bendera ya kwao. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Ikalia honi, wote wakaruka kwa pamoja, na maji yakawameza kama yaliyokuwa yakiwasubiri. Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Hakuna aliyeibuka. Halafu mikono ikatoka, mikono ya wanawake, inachota maji na kuyatupa nyuma, miguu ikichemsha povu. Walipofika ukutani nilidhani wamemaliza, kumbe walijipindua chini kwa chini kama samaki, wakausukuma ukuta kwa nyayo, wakarudi kwa kasi ileile. Sikujua kuwa nimesimama. Bisibisi ilikuwa imeniponyoka mkononi. Mwanadamu wa nyama na damu, niliwaza, anafanya haya?

Na kuvaa kwao, kule nilikokuita uchi, sikukuona tena. Niliona kazi tu.

Kanda ilipokwisha, Shangazi Kolumba alimgeukia mwalimu. "Hawa watoto wana kaka zao?"

"Wanao, mama."

"Basi kaka zao wana akili."

Kisha akanigeukia mimi, taratibu, bila kupaza sauti. "Mimi nimevuka ghuba ya Liuli kwa mikono yangu nikiwa na mimba ya miezi sita, mtumbwi ulipopinduka. Baba yako alinipokea ufukweni, akanivika shuka lake, akapiga magoti mbele yangu. Hakuniambia niko uchi. Wewe heshima yako umeipata wapi?"

Niliinama nikaiokota bisibisi. Nikamwomba mwalimu anirudishie ile barua niichane.

"Nilishaituma," alisema.

Jumatatu nilifunga banda langu la kutengenezea redio, mimi na Dafrosa tukapanda basi la Dar es Salaam. Nilimwomba msamaha humohumo ndani ya basi, kabla hatujafika Njombe. Aliangalia dirishani, akasema, "Nimekusikia, kaka." Hakusema amenisamehe, na haki yake.

Kocha wa kambi alitupokea akiwa na orodha mkononi. Nafasi zilikuwa zimejaa. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, nikamwambia kosa ni langu, mtoto hana hatia, na kama anataka kumtukana mtu anitukane mimi. Akamtazama Dafrosa. "Umewahi kuogelea kwenye bwawa?"

"Hapana, mwalimu. Ziwani tu."

"Haya, ingia."

Aliingia. Mdogo wangu hakujua kupinduka, hakujua mistari iliyochorwa chini ni ya nini; alifika ukutani akaugonga kwa bega, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amekwishageuka, anakuja. Mwanangu, nilimwogesha mtoto yule kwenye beseni, na siku hiyo nilimwogopa. Maji yalimfungukia njia. Kocha aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Halafu akachukua kalamu, akaongeza jina chini ya orodha.

Mwaka uliofuata Dafrosa alipanda ndege, akaogelea mita hamsini za mtindo huru dhidi ya wanawake wa mataifa mengine. Alikuwa wa sita katika kundi lake, hakufika fainali. Aliporudi nilimpokea stendi, nikitafuta maneno ya kumpoza. Akacheka. "Kaka, nilichungulia chini ya maji, nikawaona wote, kushoto na kulia kwangu. Nikajua na mimi nimo."

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Ukipewa kalamu juu ya maisha ya mwingine, usiandike neno kabla hujaenda kuona kwa macho yako kile unachokikataza. Hofu ni hodari wa kuvaa kanzu ya heshima, ivue uitazame. Na ukikosea, funga banda, panda basi, nenda ukakiri mwenyewe; usitume barua. Msamaha usiudai, uungoje.

Mola akujalie macho yanayowahi kuliko ulimi. Akupe dada na mabinti watakaokuzidi, akupe na moyo wa kusimama ukawashangilia. Amina.