Subiri Hadi Machi

Kwa miaka ishirini na mitatu Darlene Novotny alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule ya serikali ya mji mmoja mdogo wa Pennsylvania. Wanafunzi mia nne na kumi, mshauri mmoja. Shule za kulipia zina mshauri kwa kila watoto thelathini, tena mtu aliyewahi kufanya kazi huko huko vyuoni, akizisoma barua za waombaji. Darlene alikuwa na kabati la vipeperushi na moyo mzuri, na kwa moyo mzuri watu wengi wamewahi kuponzwa.

Oktoba, Roslyn Burdick aliingia ofisini kwake na fomu mkononi. Alikuwa binti wa mpishi wa hospitali, naye ndiye aliyeongoza darasa lake. Alitaka kuomba mapema nafasi katika chuo kikubwa kule Massachusetts. Kuomba mapema ni kama kupeleka posa nyumba moja tu: mwanafunzi, mzazi na mshauri wanatia sahihi kwamba akikubaliwa haendi kwingine. Nacho chuo, kwa kuwa kimehakikishiwa, huwafungulia waombaji hao mlango mpana kuliko wa wale wanaosubiri majibu ya Machi.

"Bi Novotny, imebaki sahihi yako tu. Mama ameshaweka."

"Na wakikupa msaada wa ada kiduchu, je? Umeshajifunga, mwanangu. Utalinganisha na nini?"

"Lakini nafasi ya kukubaliwa ni karibu mara tatu!"

"Hiyo ni ya wenye nazo. Haraka haraka haina baraka. Subiri hadi Machi, vyuo vyote vikujibu, uchague umetulia."

Roslyn akaikunja fomu. "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Darlene hakujua. Ngojangoja nayo huumiza matumbo, lakini methali hiyo hakuikumbuka siku ile. Wiki hiyohiyo alitia sahihi fomu kama hiyo ya Colby Wentz, mtoto wa daktari wa meno, wa kumi na saba darasani, bila hata kumuuliza swali. Desemba Colby akaja shuleni amevaa fulana ya chuo kilichomkubali. Machi Roslyn akapata kutoka Massachusetts mistari minne ya kumkatalia na kumtakia heri.

Darlene akapiga simu chuoni, hasira zimempanda.

"Burdick? Namkumbuka vizuri," kijana wa ofisi ya udahili alisema. "Tulimpenda sana. Ila nafasi zilikuwa zimeshakwisha. Kwa nini hakuomba mapema?"

"Mama yake hana uwezo."

"Kwa kipato kile tungelipa kila kitu. Na msaada usipotosha, mwanafunzi anaruhusiwa kujitoa. Imeandikwa kwenye fomu, Bi, juu kidogo ya mahali unapotia sahihi."

Fomu hiyo alikuwa ameitia sahihi mara nyingi. Aliitoa kabatini, akaisoma kwa mara ya kwanza. Maneno yalikuwepo. Alijichukia.

Juni, siku ya mahafali, Roslyn alimfuata na boksi la biskuti. Alikuwa amejiandikisha chuo cha karibu na nyumbani, na jioni angefanya kazi jikoni pamoja na mama yake.

"Mama ameoka mwenyewe. Anasema nikushukuru, wewe ndiye pekee uliyetufikiria. Bila wewe tungejifunga bure."

Walikuwa wawili tu pale. Ukweli ulikuwa umemjaa Darlene mdomoni, na Roslyn alikuwa akimtazama kwa upendo, akingoja.

"Msalimie mama," Darlene akasema, akapokea biskuti.