Maandishi ya njano yaliyopotelea juani Shelui

Leo nimefundishwa kazi yangu na muuza mafuta ya alizeti.

Mama Rehema wa Shelui alitaka nimtengenezee tovuti, ili madereva wa malori wamwagize mafuta kabla hawajafika. Nikamwekea maandishi ya njano juu ya nyeupe. Alizeti, si ndiyo? Chumbani kwangu Singida mjini ilipendeza hadi nikajipongeza.
(Hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.)

Leo nikampelekea kwenye simu, pale anapouzia barabarani, jua la saa saba. Akampa dereva mmoja simu aitazame.

Dereva akaigeuza, akaikinga kwa kofia.
"Mama, mbona karatasi tupu?"

Nikajua kazi imeniponyoka.

Mama Rehema hakunigombeza. Akanyooshea kidole lori la yule dereva.
"Mwanangu, yale maandishi ya nyuma unayaona?"
"Nayaona, mama."
Meupe juu ya bluu iliyokolea, na vumbi lote lile!
"Basi niwekee hivyo. Njano ibaki kwenye picha ya ua la alizeti."

Nikakalia dumu, nikabadilisha palepale. Dereva akasoma namba yote ya simu kwa sauti, kisha akaagiza madumu mawili.

Mama kanifungashia na lita moja ya nyumbani, eti nimejituma!

Asante sana, Mama Rehema.
Wenzangu, nani mwingine amewahi kusahihishwa na lori?