Disketi Iliyorudi Nzima

Kyakimwa alikuwa na sheria moja: ufunguo uliopita mkononi mwa mtu mwingine, hata kwa saa moja, si ufunguo tena.

Mwaka 2002 yeye ndiye aliyeagiza dawa za hospitali za Kisangani kutoka bohari ya Nairobi, kwa kompyuta iliyounganishwa na setilaiti. Kompyuta ya bohari ilitanguliza cheti chake, ili Kyakimwa ajue hadanganywi. Kisha ikadai cha kwake, ili nayo isidanganywe. Cheti hicho na ufunguo wake wa siri vilikaa ndani ya disketi moja, kabatini.

Jumanne moja ya Juni alikuta kabati tupu. Saa nne mkuu wake, Henri, aliingia na disketi mfukoni mwa shati.

"Ilikuwa wapi, Chef?"

"Kapiteni wa jeshi aliiomba. Saa moja tu."

"Basi ameshainakili. Inabidi cheti kifutwe."

"Bon. Muji huu waliiba mpaka milango, na weye unalia juu ya kitu yenye iko mbele ya macho yako. Nini imepunguka?"

Henri hakuwa mjinga. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye cheo huharibu kuliko mwizi.

Mzigo wa Ijumaa ulingoja kuthibitishwa kwa cheti hicho. Kwa kufunga mlango, yaani kufuta cheti, Nairobi ilikubali sauti ya simu. Kwa kuufungua, ilitaka cheti tu, na kipya kingeletwa kwa mkono baada ya wiki nyingi. Ndani ya mzigo mlikuwa na insulini. Tonton Élie, mzee mwenye kisukari aliyemlea Kyakimwa tangu Butembo, alibakiwa na chupa moja.

"Ukipiga simu hiyo," Henri alisema, "kapiteni atajua ni nani. Mimi sitakuwa hapa kukutetea."

"Hata leo haukuwa hapa, Chef."

Akapiga.

Siku iliyofuata cheti kilichofutwa kilibisha hodi Nairobi mara mbili, kikitaka mzigo wote ushushwe Ubundu, si Kisangani. Hakikufunguliwa. Kyakimwa alivuka kwa mtumbwi hadi Lubunga akamweleze mama Philomène, mke wa Élie. Alimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo, naye hakuacha kutwanga.

"Ungenyamaza siku tatu tu."

"Mama, wangechukua yote. Wamejaribu."

"Hiyo umejua leo. Jana ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Lakini chupa ya Élie ulikuwa unaijua, iko moja. Alors rudi kwa mashini yako."

Majirani walisikia, na tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu yake kivukoni. Wasiojua maana ya cheti walijua maana ya chupa. Hata hivyo alifanya haki, kwa maana dawa za mji mzima hazikuwa zake kuzichezea kamari kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwake.

Cheti kipya kilifika tarehe mbili Agosti. Tonton Élie alizikwa tarehe ishirini Julai, na Kyakimwa alizuiwa mlangoni pa matanga.