Meno ya Kupulizia Saksafoni

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Nilikuwa hospitalini Mugumu, kwenye chumba kidogo chenye meza moja, dirisha moja na harufu ya plasta, na watu waliniita daktari ingawa sikuwa daktari. Daktari wa meno alikuwa chumba cha pili. Yeye aling'oa, mimi nikaziba mapengo. Miaka ile ya dhahabu mapengo hayakuisha. Vijana walikuja kutoka machimboni, ng'ambo ya mto Mara upande wa Tarime, wengine wameangukiwa na mawe, wengine wamepigana wao kwa wao, na karibu wote walitaka jino linalong'aa.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi alikuja asubuhi moja pamoja na mke wake. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mrefu, koti limepigwa pasi, kitambaa cheupe amekishikilia mdomoni. Nikamwamkia. Akaitikia kwa kichwa tu. Mke wake ndiye aliyejibu.

"Marahaba, mwanangu. Anaona aibu kufungua mdomo. Tangu kijijini kwetu Nyansurura mpaka hapa hajasema neno."

Nilimjua kabla hajaondoa kitambaa, kwa kuwa utotoni nilimwona mara nyingi akipita na saksafoni yake. Nilikulia Tarime mjini, baba yangu akiwa sonara, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na ukumbi ambao bendi yake ilipiga kila Jumapili mchana. Baba hakuturuhusu kwenda. Alisema sisi ni watu wa swala, dansi si letu. Lakini ukuta haukuzuia sauti, na mara nyingi nilimsikia baba mwenyewe akiimba chini kwa chini wimbo wa yule mzee huku akisugua pete kwa tupa.

Bendi ilikuwa na neno "Jazz" kwenye jina lake, kama bendi zote za wakati ule. Yeye alijifunza kupuliza kwenye bendi ya shule ya misheni, akaendelea jeshini, akarudi nyumbani na saksafoni na kukusanya wanaume kumi. Nyimbo zote alitunga mwenyewe. Alianza kwa Kiswahili, na katikati, pale moyo ulipozidi, akaingia Kikurya. Redio ya taifa iliwahi kumrekodi mara mbili. Mara nyingine walivuka mpaka wa Kenya pale Sirari wakaenda Nairobi, wakarudi na santuri ya nyimbo mbili. Kila mwenye gramafoni Tarime nzima alikuwa nayo.

Kisha dhahabu ikapamba moto. Mpiga ngoma alikuwa wa kwanza kwenda kuchimba. Wakafuata wapiga gitaa, halafu mwimbaji. Mzee akabaki na vyombo bila watu. Akawafuata hukohuko machimboni kuwaomba warudi. Walimkalisha, wakampa chai, wakamwambia, "Mzee, mwezi mmoja tu." Akangoja. Kwa kuwa hakuweza kukaa bure akiwatazama wenzake wakitoka jasho, akawasaidia kuzungusha winchi ya mbao iliyovuta ndoo za mawe kutoka shimoni. Siku ya tatu kamba ikaponyoka, mpini ukazunguka wenyewe, ukampata mdomoni. Meno manne ya juu ya mbele yakaondoka.

Hayo yote alinieleza mkewe. Mzee alipoondoa kitambaa hatimaye, hakuniangalia. Aliangalia sanduku jeusi alilokuwa ameliweka katikati ya miguu yake.

"Binti," akasema, na maneno yakampeperuka kwenye pengo, "wengine wanakuja kwako wanataka meno ya kuchekea. Mimi nataka ya kupulizia."

Akafungua sanduku, akanionyesha. Meno ya juu hukaa juu ya mdomo wa saksafoni, mdomo wa chini hukunjwa ukawa kama mto wa kulalia. Meno yasipokuwepo, sauti haina pa kuegemea. Alikuwa amejaribu kushika kwa midomo mitupu, akasema sauti ilitoka kama ya ndama aliyepotea.

Nikamchukua kipimo kwa nta. Baada ya wiki mbili wakarudi, nikamvalisha. Mezani kwangu meno yale yalikuwa mazuri kabisa. Akapuliza noti ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu meno yakamdondokea ulimini. Mkewe akacheka mpaka akajishika ubavu. Mzee naye akacheka. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Ya pili niliyatengeneza mazito zaidi. Yalikaa, lakini yalitetemeka. "Kichwa chote kinanguruma kama mashine ya karasha inasaga mawe," alisema. Ufizi ukatoka damu. Mkewe akaitazama ile saksafoni muda, akauliza kwa nini tusibandike kipande cha mpira wa baiskeli pale meno yanapoegemea. Tukakata, tukabandika. Mtetemo ukapungua sana. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu chuoni na wazo hilo halikunijia.

Ilibaki kazi ya kuyashikiza. Nilihitaji waya mwembamba wa kukumbatia meno yake ya pembeni, na waya niliokuwa nao ulikatika kila nilipoukunja. Mwisho wa wiki nikapanda basi kwenda Tarime kumuuliza baba. Akayageuza yale meno mkononi, akayapeleka kwenye mwanga.

"Ya nani?"

Nikamwambia. Baba akasema, "Dhahabu haishiki kutu, na inakutii unapoikunja. Lete kidogo, nitakuvutia waya."

Nilimpa mzee habari hiyo bila matumaini. Mtu aliyekwenda machimboni akarudi na pengo angepata wapi dhahabu? Alinishukuru, akabeba sanduku lake, akaondoka. Nadhani mkewe ndiye aliyepeleka ujumbe, maana wiki iliyofuata wanaume watatu walisimama mlangoni kwangu, wamejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Nilifikiri wamekuja kung'olewa.

"Sisi ni watu wa bendi," akasema mmoja, mpiga ngoma. Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha dawa ya macho. Chini yake kulikuwa na punje za njano. "Tumesikia mzee anahitaji. Kila mmoja ametoa, hata wale ambao hawakuweza kuja."

Nikakipokea. Wakabaki wamesimama. Nikawaambia waketi, hawakuketi.

"Daktari," mpiga ngoma akauliza, sauti imeshuka, "ametukasirikia?"

Nikamjibu ukweli. Katika siku zote alizokuja kwangu, mzee hakuwataja kwa ubaya hata mara moja. Aliwataja kwa vyombo vyao. Ngoma iko machimboni, alisema. Gitaa la pili liko machimboni. Kama mtu anayetaja watoto waliokwenda shule ya mbali. Yule mwanaume akageuka, akajifanya anatazama uani.

Baba aliyeyusha zile punje, akavuta waya mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, akakunja vishikizo viwili kwa mkono wake. Hakutaka nimlipe wala mzee amlipe. Aliuliza tu kama wimbo mmoja wa mzee bado unapigwa, akauimba kidogo chini kwa chini ili nijue ni upi.

Siku ya kujaribu, chumba changu kilikuwa kidogo mno kwa kazi ile, tukatoka barazani. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu. Mzee akavaa meno, akayasukuma kwa kidole gumba, akaweka saksafoni mdomoni. Akaanza polepole, kama mtu anayepita darajani akipima kila ubao. Kisha akaamini. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba, aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, akainua kichwa. Daktari wa meno akatoka na koleo lake mkononi, akasimama hapohapo. Wimbo ulipofika kwenye Kikurya mke wake akauimba, kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake.

Mzee akamaliza, akafuta mdomo. "Yanakaa," akasema.

Wale watatu walioleta kichupa walirudi kwenye bendi, naye mwimbaji akarudi baadaye. Waliobaki hawakurudi tena. Wakafanya mazoezi Nyansurura kwa miezi kadhaa, kisha wakapanda basi hadi Musoma, wakaenda Mwanza, na kutoka Mwanza wakapanda treni hadi Dar es Salaam. Redio ikawarekodi nyimbo tano. Mzee aliniletea habari mwenyewe, pamoja na kuku wawili wamefungwa miguu.

"Fundi mitambo alitusimamisha," akaniambia. "Akasema, mzee, kuna filimbi inalia. Nikamwambia, hiyo si filimbi, hayo ni meno. Akacheka, akasema basi turudie. Nikakataa. Tulikuwa tumepiga vizuri."

Nilizisikia nyimbo zile mchana mmoja kwenye kipindi cha salamu, redio ikiwa dirishani na mikono yangu ikiwa ndani ya plasta. Katika wimbo wa tatu, saksafoni inapopanda peke yake, nikausikia mluzi ule mwembamba. Hewa ilipita upande wa kushoto, ambako nilikuwa nimekwangua zaidi ya kipimo. Aibu ikanishika. Alipokuja tena nikamwambia ninaweza kuyarekebisha.

"Yaache," akasema. "Mke wangu akisikia pale anajua ni mimi."

Alipuliza kwa meno yale miaka kadhaa. Kisha meno ya pembeni nayo yakalegea, vishikizo vikakosa pa kushika, na saksafoni akampa mwanawe mkubwa. Bendi ikaendelea bila yeye, akitunga nyimbo nyumbani na kuwaimbia wao wazitafutie noti. Mara ya mwisho alipokuja kwangu alitaka seti nzima, juu na chini. Nikauliza kama niyapime na saksafoni.

"Hapana, mwanangu. Sasa nitengenezee ya kulia tu. Nina hamu na mahindi ya kuchoma."

Nikayatengeneza. Siku alipoyachukua, mkewe alinunua hindi moja kwa mama aliyekuwa akichoma nje ya geti, akalivunja katikati, akampa nusu kubwa. Nilisimama dirishani nikamtazama akiuma, akisita, akiuma tena, na mkewe akimwangalia mdomoni kwa makini, naye akila nusu yake.