Siku Niliyorudi Nyuma kwa Mbwembwe

Hadi leo nimekasirika, lakini wacha niseme. Mwalimu wetu wa kupiga mbizi hapa ufukweni Sio Port alitangaza mbele ya wavuvi kwamba ni mimi pekee nimeshindwa kurudi nyuma kwa mapezi ya miguuni. Mimi, mzaliwa wa ziwa!

Nikazama kwenye maji ya matope, kamba ya usalama kiunoni, mwanafunzi mwenzangu Dada Nekesa akiishika mashuani kando ya mwalimu. Nikaenda mbele kidogo, kisha nikapiga mapezi kinyumenyume kwa hasira. Nikarudi, tena mbio! Nikaibuka kando ya mashua nikifoka, "Mwalimu, niombe msamaha!"

Nekesa alikuwa anapuliza viganja vilivyochubuka.

"Pole, boss. Ni mimi nilikuvuta. Vile ulikuwa unarusha miguu, nilidhani unakufa maji."