Kadi Mbili za Trei ya Garrett

Kwa miaka kumi na tisa Wendell Sobczak alikagua kadi za besiboli, zile picha za wachezaji ambazo wakusanyaji huzinunua kwa bei inayotegemea uzima wake, katika jengo lisilo na madirisha mjini Santa Ana, na hakuna aliyewahi kumwita mpimaji, yaani mtoa alama za uzima. Yeye alikaa mwisho wa mlolongo wa kazi. Kadi ikishapewa alama na kufungwa ndani ya kasha la plastiki, alihakikisha kwamba jina na mwaka kwenye lebo ni vya kadi iliyomo. Alama hazikumhusu. Aliziona zikipita tu.

Kisha akaja Garrett Lindqvist, kijana wa miaka ishirini na sita, na mwaka haujaisha akawekwa katika kiti cha mpimaji mkuu kwa majaribio. Ijumaa ya wiki ile wakubwa wangemthibitisha. Wendell alikiomba kiti kile mara nne. Kila Garrett alipocheka na wenzake, Wendell alihisi kama amechekwa yeye. Hata sandwichi ya yule kijana ilimkera, kwa jinsi alivyoila polepole, kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia.

Jumatano, wenzake walipokwenda kula, alichukua lenzi akaenda kwenye trei ya Garrett, ambamo kadi zilizokwisha kupewa alama zilisubiri lebo, kutafuta kosa. Kosa moja tu lingemtosha. Mteja mmoja alikuwa ameleta kadi mbili za mchezaji yuleyule, za mwaka uleule. Garrett alikuwa ameipa moja alama kumi, ya juu kabisa, nyingine saba. Wendell alizitoa zote mbili akazichunguza. Ile ya saba ilikuwa na pembe iliyolika kidogo sana, kiasi kwamba yeye mwenyewe aliiona mara ya tatu. Kijana alikuwa sahihi, na hilo lilimchoma zaidi. Akasikia nyayo, akazirudisha haraka.

Lebo huchapwa kwa kufuata mpangilio wa trei. Alasiri makasha yakamfikia, na papo hapo akajua alichofanya: kadi yenye pembe iliyolika ilikuwa ndani ya kasha lenye lebo ya kumi.

Jina lilikuwa sahihi, mwaka sahihi. Angezipitisha, asingelaumiwa. Mteja angepiga kelele mtandaoni, kumbukumbu zingeonyesha jina la Garrett, na Ijumaa kiti kingekuwa wazi. Wendell alikaa na makasha yale mkononi mpaka jirani yake akamuuliza kama anaumwa.

Akainuka, akaenda kuyaweka mbele ya Garrett. Yule kijana aliyatazama, akachukua koleo, akayapasua yote mawili bila kadi kupata hata mkwaruzo. Wendell, ambaye mikono yake siku hizi ilitetemeka, alitamani aone walau mkwaruzo mmoja.

"Umeniokoa, mzee," Garrett alisema. "Laiti ungeniuzia hayo macho yako."

"Si macho. Mimi ndiye niliyezibadilisha mahali."

Garrett akaweka koleo chini. "Ulizitoa kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta kosa lako."

"Ulilipata?"

Wendell alitazama kile kiti, jinsi kilivyomkaa kijana vizuri, kana kwamba kilishonwa kwa kipimo chake.

"Hapana," alisema. "Na nilitafuta kweli."

Garrett hakucheka. Akamsogezea ile kadi ya saba, pamoja na taa, akamwomba amwambie kama naye angeipa alama hiyohiyo. Wendell akainama juu yake, bado amekasirika.